Kipimajoto cha Kitanda cha Pili

Maabarani kwetu wananiita Bi Kinyume, na jina hilo nililipata kwa kosa moja. Mwaka juzi nilikuwa nachaji elektrodi mbili, yaani vipande vya mkaa vya kupitishia umeme, ndani ya maji ya chumvi. Mkaa huo umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na umeme ukiingia, chembe za chumvi hukimbilia humo na kujibanza. Kazi yangu ni kupima joto la kila elektrodi wakati huo. Kompyuta ikaonyesha upande chanya unapata joto, sawa. Upande hasi ukapoa. Ulipoa kidogo sana, sehemu tatu za mia za digrii, lakini ulipoa.

"Kitu unakipitishia umeme halafu kipoe?" Mkuu wa maabara alicheka mpaka akavua miwani. "Binti, umefunga waya kinyume."

Vipimajoto vyetu ni nyaya mbili tu, nyekundu na njano, na kweli ukizibadilisha, joto litasomeka baridi. Kila fundi amewahi kukosea hapo. Sikukumbuka kukosea, lakini nilikuwa sijamaliza hata miezi mitatu kazini. Nikasimama kando ya sinki, mbele ya wenzangu sita na vikombe vyao vya chai, nikaomba radhi. Kisha nikafuta vipimo vyote kwa kidole changu mwenyewe.

Wiki iliyopita mambo yakajirudia. Upande hasi, baridi ile ile. Safari hii Mkuu hakucheka. Aliniwekea karatasi mezani, nikiri kwa sahihi yangu kwamba nimekosea waya mara ya pili.

"Nikishasaini?"

"Utahamia stoo. Huko hakuna waya." Akanipa mpaka kesho yake mchana.

Stoo ni chupa na vumbi, na mimi kazi ya kupima naipenda kufa. Nilifika nyumbani nimenuna. Dada yangu mkubwa, nesi wa wodi ya wanaume, alikuwa anapiga pasi sare yake. Nikamweleza yote.

"Una uhakika na waya?"

"Nimeziangalia mara nne, dada. Sasa hata mwenyewe sijiamini."

"Sisi tukikishuku kipimajoto hatubishani nacho. Tunakipeleka kitanda cha pili. Kikisoma homa na huko kwa mzima, kibovu. Kisiposoma, basi mwenye homa ni yule mgonjwa." Akageuza kola. "Na usishike wewe. Mwache mkubwa wako ashike, asije akasema umechezea."

Nilitamani kujipiga kofi. Miaka miwili nimebeba jina la kuchekwa, na dawa yake ilikuwa nyumbani kwetu, kwenye meza ya pasi.

Asubuhi nikamwita Mkuu. "Funga wewe mwenyewe," nikamwambia, mikono nimeiweka nyuma. Akafunga nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, huku anatabasamu. Akataka kuongeza umeme tumalize mapema, nikamkatalia. Ukichaji kwa pupa, mkaa wenyewe na nyaya zake hupata moto, na ile baridi ndogo humezwa. Ndiyo maana wenzangu hawajawahi kuiona. Wote wana haraka zao. Tukachaji polepole. Upande hasi ukapoa.

"Kipimajoto kibovu," akasema.

"Basi vibadilishe. Cha huku kiende kule, cha kule kije huku."

Akavibadilisha. Tukasubiri maji yatulie, tukachaji tena. Kile alichokiita kibovu, kilipokaa upande chanya, kikasoma joto. Na kile kizima, alichokuwa anakiamini tangu tuanze, kilipokaa upande hasi kikasoma baridi. Tulipotoa chaji, upande hasi ukapata joto na kurudi ulipokuwa. Hakuna waya uliokuwa umekosewa.

"Vile vipimo vya mwaka juzi," Mkuu akauliza, "viko wapi?"

"Nilivifuta."

Nilidhani nitafurahi, kumbe nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimeomba radhi kwa kusema kweli. Naye alijua, nililiona hilo usoni mwake. Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

"Samahani, dada," akanong'ona. Hajawahi kuniita dada. "Yaishe hapa hapa, mimi na wewe."

"Hapa hapana. Pale," nikamwonyesha sinki. "Saa ya chai."

Akaitazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi.

Saa nne wenzetu wale wale sita waliingia na vikombe vyao. Mkuu alikuwa ameshasimama kando ya sinki, mikono haijui pa kukaa. Mimi sikuinua kichwa. Nilikuwa nachaji upya, polepole, kupata tena vile vipimo nilivyovifuta.