Vichwa vya Brokoli

"Chukua na haya, mama," Elinipendo alisema, akipitisha majani ya chini ya brokoli juu ya ua wa makuti. "Yakigusa udongo yanaoza. Na kesho mnunuzi anakuja kuitazama mboga."

Bi Mwanamina, jirani yake, aliyapokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. "Haya kwa tui, mwanangu, we acha tu. Ila lile tuta la urea limekuwa msitu."

Ilikuwa kweli. Elinipendo, mfagizi wa zahanati ya Ruaruke, alilima matuta mawili. La kwanza alilitia mbolea ya urea, likajibu kwa majani mapana kama masikio ya tembo, bila kichwa hata kimoja. La pili alililisha samadi ya mbuzi wa Bi Mwanamina, nalo likasimamisha vichwa vya kijani, vilivyonyooka kama viranja siku ya ukaguzi. Mbegu alizinunua kwa fedha ya bati la paa. Felix, anayepeleka mboga hotelini, akivipenda, kitanda cha Elinipendo kitaacha kunyeshewa.

Kesho yake aliporudi kutoka kazini, viranja wote hawakuwa na vichwa.

"Nimekusaidia," Bi Mwanamina alisema kwa fahari, kisu kingali mkononi. "Nimeona inachanua, nikasema mgeni asiikute hivyo. Hata mchicha tunaukata maua, majani yaendelee."

"Maua yenyewe yako wapi, mama?"

Maziko yalikwishafanyika. Nyuma ya ua, mbuzi walitafuna chakula cha hoteli kwa utulivu wa wateja wa siku nyingi.

Elinipendo alikaa juu ya ndoo. "Yale ndiyo yanayoliwa."

"Maua?"

"Maua."

Bi Mwanamina alilitazama paa lililotoboka, akakificha kisu ndani ya kanga.

Felix aliposhuka kwenye bodaboda, alisimuliwa yote. Hakucheka, ingawa alijizuia kwa shida sana. Aliinama kwenye tuta la samadi, akafunua kwapa la jani moja.

"Dada, tazama. Palipobaki jani kuna chipukizi. Vitakuwa vichwa vidogo, lakini nitavichukua. Nitapita tena mwezi ujao. Ila majani haya asiyaguse mtu."

"Nani ayaguse?" Bi Mwanamina aliuliza haraka.

Jioni Elinipendo alikuta beseni la samadi kando ya ua. Ng'ambo, jirani yake alikuwa akiwafunga mbuzi kwa kamba fupi, akiwanong'oneza jambo zito. Jikoni kwake kulinukia tui, safari hii bila mboga.