Uso wa Asma Ukutani

Raisa ndiye aliyemshawishi mama yake mkubwa, Mwanvua, waende kuona makumbusho mapya ya sanaa ya mkoa. Mwanvua hakuwa na hamu. Kwa miaka thelathini alikuwa akichora mitumbwi ya wavuvi wa Rumonge, samaki na nyota na majina ya wenyewe, na picha za kutosha aliziona kila asubuhi bandarini. Lakini kumkatalia Raisa kitu hakukuwa kazi nyepesi kwake. Alimlea tangu siku mama yake alipofariki akimzaa.

Katika chumba cha tatu Mwanvua alisimama ghafla. Ukutani ulitundikwa ubao wa mbele wa mtumbwi, umekatwa kwa msumeno pande zote mbili. Juu yake palikuwa na uso wa mwanamke aliyejifunga kilemba cha manjano. Mwongoza wageni, msichana aitwaye Benedicte, alikuwa akiwaeleza watu waliotoka Bujumbura.

"Huyu ni mamba-mtu, jini wa ziwa. Wavuvi walimchora ili asiwazamishe. Hii alama juu ya jicho ndiyo muhuri wake. Mchoraji hajulikani."

"Huyo si jini," Mwanvua alisema. "Huyo ni Asma."

Watu waligeuka. Benedicte alitabasamu kwa adabu. "Maswali tutayachukua mwishoni, mama."

"Sikuuliza swali."

Asma alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Ule muhuri wa jini ulikuwa kovu la mawese ya moto yaliyomrukia siku moja wakichemsha pamoja huko Gatete. Alipokufa, mumewe aliomba achorwe kwenye mtumbwi wake, na Mwanvua alichora huku akilia, kwa siku nne. Mwaka wa pili mume aliuza mtumbwi akahamia Uvira. Picha moja ya Asma iliyobaki iliharibika ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani. Raisa, sasa ana miaka kumi na tisa, hakuwahi kuuona uso wa mama yake.

Alikuwa ameshausogelea ubao, karibu augusishe pua.

"Mama Mkubwa, ni yeye?"

"Ni yeye. Hata kidevu ni chako."

Raisa alisimama tu, machozi yakimteremka mpaka shingoni, na wageni wakaanza kutazama sakafu.

Mkurugenzi aliitwa. Bwana Mulamba alikuja na suti yake, akasikiliza, kisha akasema kwa upole, "Mama, ubao huu tuliupata kwa fundi wa mitumbwi wa Kigwena. Dosiye yake, karatasi zote za ununuzi, iko kamili. Wewe uko na atestasiyo, karatasi ya kuthibitisha?"

"Ya nini?"

"Kwamba ni wewe ulichora."

"Mwenye mtumbwi aniandikie karatasi kwa ajili ya rangi?"

"Basi andika barua. Komite itakaa, itaangalia."

Mwanvua alipandisha sauti. "Niko bandarini kila siku ya Mungu. Kutoka hapa ni mwendo wa dakika kumi. Jina langu wanalijua hata wanawake wanaoanika samaki wa ndagala. Ni nani kati yenu alikuja kuuliza? Hajulikani na nani?"

Mulamba alitazama saa yake.

Mwanvua hakungoja. Alivuta kiti cha mlinzi, akakiweka mbele ya ubao, akakaa. Mlinzi, Nasiri, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, alikwenda kusimama mlangoni, asijue la kufanya. Kila mgeni aliyeingia Mwanvua alimwambia, "Huyu ni Asma, mdogo wangu. Alikuwa akiuza mawese sokoni. Nilimchora mimi, Mwanvua." Alikaa mpaka walipofunga. Kesho yake alirudi na Raisa. Siku ya tatu wanawake sita wa bandarini walikuja naye, na mmoja alitaja rangi ya kila mtumbwi aliouchora Mwanvua tangu vita viishe.

Siku ya nne Benedicte alileta kikaratasi kipya cha maelezo cha kubandika chini ya ubao. Alionekana hakulala vizuri. Raisa alikisoma kwa sauti: "Inasemekana ni Asma wa Gatete, mchuuzi wa mawese. Inasemekana alichorwa na dada yake, Mwanvua wa Rumonge."

"Inasemekana na nani?" Mwanvua aliuliza.

"Ni wewe, mama. Na wale wanawake."

"Basi andika kwamba nimesema. Usinifiche nyuma ya mdomo wa watu."

Benedicte alitazama upande wa ofisi ya mkurugenzi. Mlango ulikuwa umefungwa. Alichukua kalamu, akakata 'inasemekana' ya kwanza, akakata na ya pili, akabandika kikaratasi hivyo hivyo na michirizi yake ya wino.

"Nisamehe, mama," alisema.

Mwanvua bado alikuwa na hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Raisa alitoa simu akaupiga picha uso ule mara nyingi, kwa mbali, kwa karibu, kisha kovu peke yake, mpaka Nasiri alipowaambia taratibu kwamba muda umekwisha.