Shikamoo ya Mizunguko Yote

Uwanja wa ndege ulioachwa, nje kidogo ya barabara iendayo Mwakitolyo, ulikuwa na lami iliyopasuka lakini iliyonyooka vizuri. Klabu ya magari ya Shinyanga iliukodi mara moja kwa mwezi, ikapanga koni na matairi machakavu, zikapatikana kona nne. Mvua zikianza, mbuga inayouzunguka hugeuka tope, na hakuna gari linaloingia tena mpaka kiangazi.

Ndiyo maana Jumamosi ile ilikuwa na uzito kwa Shamimu. Msimu mzima alikuwa ameendesha na mwalimu pembeni. Kwa utaratibu wa klabu, dereva haachiwi uwanja peke yake hadi mwalimu wake aridhike, na Mwanaima, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha madereva wa malori ya mgodini Geita, hakuwa mtu wa kuridhika kwa huruma. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Leo ilikuwa siku ya mwisho.

Shamimu alipima sampuli za dhahabu katika maabara moja kule Kalangalala, Geita, kazi iliyomzoesha kutazama kitu kimoja mpaka akimalize. Kwa hiyo hakuelewa ni kwa nini kila mzunguko, kwenye kona ya tatu, gari lilitoka nje ya njia yake na kuangusha koni ileile.

“Unaachia usukani,” alisema Mwanaima waliposimama.

“Siachii, mwalimu.”

“Mkono wa kulia unainuka, kila tukifika pale. Mara ya kwanza nilidhani unajikuna, nikakustahi.”

Shamimu akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akatazama kona ya tatu. Nyuma ya kamba, chini ya turubai, alikuwa ameketi Baba Mkubwa Akida na wazee wenzake wa msikitini, wote wamevaa kanzu nyeupe.

“Namsalimia Baba Mkubwa,” alisema polepole.

“Kwa mwendo wa mia na kumi?”

“Mwalimu, huujui mji wetu huu wa Shinyanga. Ukimpita mzee bila kumpungia, habari inakutangulia nyumbani. Mtoto wa fulani kapata gari, siku hizi hasalimii watu.”

“Dereva wangu mmoja alimpungia shemeji yake,” alisema Mwanaima. “Lori likaenda kukaa mtaroni. Shemeji mwenyewe hata hakuwa anatazama.”

Viral, dereva mwenzake ambaye kwao wanauza vipuri mjini, alikuwa ameegemea gari la jirani akisikiliza yote. “Dada Shamimu, nikuletee mpira wa tairi tukufunge huo mkono?”

“Mwenzio naangusha koni moja, Viral. Wewe asubuhi uliukosa uwanja mzima.”

Watu wakacheka. Swaleh, kiongozi wa klabu, akapendekeza wazee wahamishiwe upande wa pili. Shamimu akakataa. Barabarani hakuna turubai la kuhamisha.

“Basi mizunguko mitatu,” alisema Mwanaima. “Ukiinua mkono, tuonane kiangazi.”

Shamimu akavua helmeti, akavuka lami kwa miguu hadi kwenye turubai.

“Shikamoo, Baba Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona kwa miguu, limekufa?”

“Halijafa. Hii ni shikamoo ya mizunguko yote iliyobaki. Nikiwa ndani ya gari sitakusalimia.”

Wazee wakatazamana. “Salamu za mkupuo!” alisema mmoja wao. “Kama kulipia king'amuzi!”

Mzee Akida hakucheka. “Na nikikupungia mimi?”

“Sitaitika.”

“Na hawa wenzangu?”

Shamimu akawapa mkono mmoja mmoja, shikamoo kwa kila mtu, naye kila mtu akamuuliza habari za kazi na za mama yake. Kule garini Mwanaima alisubiri bila kupiga honi.

“Haya, nenda,” alisema Mzee Akida mwishowe. “Lakini mimi nitapunga.”

Mzunguko wa kwanza, weupe wa kanzu ulitikisika pembeni mwa jicho, na kifundo cha mkono kikamtekenya. Akabana vidole, akahamishia macho mahali gari lilipotakiwa kwenda. Gari likatoka kidogo nje ya njia, koni ikabaki imesimama. Mzunguko wa pili weupe ulikuwepo, lakini haukuwa wa mtu yeyote. Wa tatu, palikuwa na breki, gia, kona, kisha lami.

Aliposimamisha gari, Mwanaima alimgeukia.

“Baba Mkubwa wako alifanya nini safari hii?”

“Sijui.”

“Alisimama. Akavua kofia, akapunga mikono miwili kama anayesimamisha basi. Na wenzake wote.”

Aibu ilimpanda Shamimu hadi masikioni. “Amekasirika?”

“Hilo silifundishi mimi.”

Mwanaima akafungua mkanda, akashuka, akaufunga mlango kwa nje. Akagonga bati la gari kwa kiganja. Shamimu akakitazama kiti kitupu mara moja, kisha akatazama mbele na kuingiza gia.