Lita Themanini za Maharage

Karakana ya Mjomba ilikuwa na misumeno minne, nyundo sita na penseli moja. Penseli hiyo iliishi nyuma ya sikio la Mjomba, na sheria ilikuwa fupi: mwenye penseli ndiye anayepima, wengine wote wapige msasa. Mpwa wake wa kike alikuwa amepiga msasa miaka miwili, mpaka wateja wakamwita Msasa, na siku zote hizo macho yake hayakubanduka kwenye ile penseli.

Wiki hiyo walikuwa wakimtengenezea mpiga muziki wa ukumbini boksi la spika ya besi, lile la mtindo wa tarumbeta. Nyuma kuna chumba kilichozibwa, ambamo spika inapumulia. Mbele kuna njia inayojikunja huku ikipanuka hadi mdomoni. Karatasi iliyokuja na spika ilisema chumba cha nyuma kiwe na lita themanini. Kikipungua, besi inakabwa koo.

"Sentimita hamsini mara arobaini mara arobaini," alisema Mjomba, akilipiga boksi kofi kama anayesifia ng'ombe wake. "Lita themanini kavu! Leteni gundi tuzibe mgongo."

Msasa akakohoa. "Mjomba, umepimia nje."

"Sasa nipimie wapi, mbinguni? Miaka ishirini napima makabati kwa nje!"

"Kabati unalipima nje kwa sababu lazima lienee ukutani. Hewa inakaa ndani. Ubao umekula nafasi, ule mti wa kukaza katikati umekula, na sumaku ya spika imetokeza huko nyuma kama kitambi."

Mjomba akavuta shati lake chini. "Kitambi cha nani?"

"Cha spika, Mjomba."

"Haya. Nionyeshe kwamba themanini yangu si themanini, na boksi lilie, penseli ni yako. Ukishindwa, mwaka mzima msasa, na sitaki kusikia hata kikohozi."

Moyo wa Msasa uliruka kama panzi. Akatoka mbio hadi jikoni kwa Bibi, mama yake Mjomba, ambaye alikuwa na gunia zima la maharage makavu.

"Bibi, niazime maharage."

"Ya kupika?"

"Ya kupimia hewa."

Bibi akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mke mwenzangu, umekosa mume, sasa umepata wazimu. Twende, lakini ninachota mwenyewe. Kopo langu ni la lita moja, halijawahi kusema uongo."

Wakalilaza boksi, chumba wazi kikitazama juu. Msasa akaifunika spika kwa nailoni isimeze hata punje, kisha Bibi akaanza kumimina. Moja. Mbili. Tatu. Maharage yalishuka kwa kishindo cha mvua juu ya bati, na Mjomba, ambaye hakupenda kushindwa hata bao, akaanza kuropoka pembeni.

"Kumi na tisa! Arobaini na mbili! Mama, hapo si sabini?"

"Nyamaza wewe! Sasa nilikuwa ishirini na ngapi?" Bibi alicheka hadi kopo likamponyoka, wakapiga magoti wote watatu kuyakimbiza maharage chini ya meza.

"Ishirini na sita," alisema Msasa. Kwa kila kopo alikuwa ameweka skrubu moja juu ya benchi, kimya kimya, zimepangwa kumikumi.

Chumba kilipojaa hadi ukingoni, skrubu zilikuwa hamsini na saba.

Mjomba alizihesabu. Akazihesabu tena kutoka upande wa pili, labda huko zingekuwa nyingi. "Lita ishirini na tatu zimekwenda wapi?"

"Hazijawahi kuja," alisema Msasa. Hakuwa na penseli, basi akaandika kwa kidole kwenye vumbi la mbao. Mdomo wa chumba, kwa ndani, ulikuwa sentimita arobaini na sita na nukta nne kwa thelathini na sita na nukta nne. Lita ishirini na tatu ni sentimita za ujazo elfu ishirini na tatu, azigawe kwa eneo la mdomo huo... Ulimi nje, akafuta, akaandika upya. "Turefushe mgongo sentimita kumi na tatu na nukta sita. Kwa ndani, Mjomba."

"Nimesikia, kwa ndani!"

Wakaongeza ubao, wakamimina tena. Kwa kopo la themanini maharage yalifika ukingoni, yakasawazishwa kwa rula, na Bibi akapiga vigelegele vya arusi. Mjomba akaitoa penseli sikioni, akaiangalia, akasita. Akairudisha sikioni. "Namba ni namba. Tungoje sauti."

Kesho yake mchana, maharage yamerudi guniani, mgongo umezibwa na gundi imekauka, mpiga muziki akaja na mashine yake, akaunganisha nyaya. Mjomba akaitoa penseli sikioni, akaiweka juu ya boksi, na mpiga muziki akafungulia.

Besi hawakuisikia kwanza, waliihisi miguuni. Vifuniko vya sufuria jikoni viliitikia. Vumbi la mbao likainuka sakafuni likacheza, Bibi naye akacheza nalo, khanga mkononi. Mpiga muziki alikuwa akipiga kelele za furaha, ila hakuna aliyejua anasema nini.

Na juu ya boksi, penseli ikaanza kutembea. Ikayumba, ikajigeuza mbele ya Mjomba kama inayomuaga, ikabingirika upande wa pili na kuanguka kiganjani mwa Msasa.

Aliichomeka sikioni. Ilikuwa bado na joto.

"Mjomba," alipaza sauti, "kabati la yule mteja mwingine limeshaungwa, linangoja kulainishwa!"

Mjomba akatazama huku na huku, akashusha pumzi, akaokota msasa.