Nyumba Yenye Mtu

Baba yangu, Ingvald Tveit, alikuwa mbishi wa kutupwa, na ubishi huo nimeurithi pamoja na shamba. Niseme mapema kwamba sina ugomvi na mafuta yanayochimbwa ardhini. Mjini kwetu nusu ya watu wanakula kwa mafuta, na miaka minane nimepika shuleni nikiwalisha watoto wa wachimbaji. Wala si watoto wabaya.

Shamba letu lina wenyewe wawili. Juu ni kwetu: ngano, nyasi, ng'ombe thelathini, nyumba. Chini ni kwa wengine. Babu, miaka ile mvua ilipogoma na vumbi likafunika ua mpaka madirishani, aliuza kila kilichomo chini kwa bwana mmoja wa Minneapolis ili apate mbegu. Wajukuu wa bwana yule hatujawahi kuwatia machoni. Ndio waliotia saini kampuni ichimbe, na huku North Dakota mwenye chini akitaka chake, mwenye juu anapisha. Sisi tuliletewa barua tu.

Baada ya barua akaja mtu wa kampuni, Tate Odom, kijana wa Oklahoma mwenye adabu mpaka anaudhi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwepo, nimemletea Baba chakula.

"Pale ndipo pazuri," akasema, akionyesha dirishani, kati ya nyumba na safu ya miti. "Tambarare, na njia ipo tayari."

Miti ile aliipanda marehemu mama kukinga upepo. Miaka mitatu ya ukame aliimwagilia kwa ndoo, mmoja mmoja, mwaka wa mwisho akiwa na mimba yangu. Kingechimbwa kisima cha mafuta pale, ingekatwa yote.

"Pale hapana," Baba akasema.

"Sheria iko upande wako, mzee. Nyumba inayokaliwa na watu, hatusogei ndani ya futi mia tano mpaka mwenyewe akubali. Hii inakaliwa?"

"Kwani unaniona mzimu?"

Odom akacheka, akaandika, akanywa kahawa yake, akaaga. Tungemuuliza swali moja tu zaidi siku ile! Lakini Baba alishashika neno moja, inakaliwa, na Baba akishashika neno, kumtoa hapo ni kazi ya mashine.

Sababu ilikuwa Orlin Stenberg, jirani yetu na rafiki yake tangu utoto. Kila asubuhi wazee wanakunywa kahawa kwenye ghala la nafaka, na majira ya baridi yaliyopita Orlin alikwenda Arizona kwa bintiye. Aliporudi Machi, mnara wa kuchimba ulikuwa umesimama karibu na mlango wa jikoni kwake. "Waliona nyumba haina mtu, wakaingia," akawaambia wenzake, machozi yakimlengalenga. Wazee walitikisa vichwa. Baba alirudi nyumbani hakula siku nzima.

Basi Oktoba daktari akasema moyo wa Baba unahitaji kupasuliwa, tena upesi, huko Bismarck, mwendo wa saa tatu kwa gari.

"Siondoki ng'o," akasema.

"Baba, utakufa."

"Nitafia kwangu. Nikienda huko, nikirudi nitaikuta miti ya mama yako imelala."

"Tumuulize wakili basi."

"Wakili yupi? Wote wawili wa mjini wanakula kwa kampuni. Na kumuuliza yule kijana mvua viatu ni kumtangazia kwamba tunaondoka. Una akili wewe?"

Nilimwambia yeye ndiye hana. Tulinuniana wiki nzima. Lakini nikiwa mkweli, nami nilimwamini Orlin.

Januari Baba alianguka zizini. Gari la wagonjwa lilipofika, alishika mlango wake kwa mkono mmoja, midomo imekuwa ya buluu.

"Marlys, nani atakaa?"

"Nitakaa mimi."

"Usilale nje hata siku moja. Niapie."

"Naapa, Baba. Nenda, nakuomba nenda."

Nikaomba ruhusa shuleni, nikahamia kwa Baba. Niliwasha taa za mbele hata mchana, nikaanika nguo kwenye kamba kwenye baridi ya kukata masikio, zikagandia pale, ilimradi apitaye aone kuna mtu. Nilijiona hodari kweli.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nesi alipiga simu. Upasuaji ulikwenda vizuri, akasema, lakini maji yameingia kwenye mapafu. "Kama ningekuwa mimi, ningekuja leo."

Nikavaa koti. Nikachomoa waya wa umeme unaozuia injini ya gari kuganda. Kisha nikarudi ndani nikampigia Orlin.

"Orlin, njoo ukae hapa siku moja tu, mbili zikizidi. Baba ana hali mbaya."

Nilimsikia akisogeza kiti.

"Orlin?"

"Marlys… mgongo huu. Na barabara yenyewe unaiona."

"Nitakuja kukuchukua mwenyewe!"

"Siwezi, binti yangu. Nisamehe. Siwezi kukaa hapo."

Nikamtukana moyoni. Nikampigia Baba, wakamwekea simu sikioni.

"Nani yuko nyumbani?" ndilo neno lake la kwanza.

"Mimi, Baba. Nataka nije."

Alikohoa kwa muda mrefu. "Basi kaa," akasema. "Kaa hapo hapo, mwanangu. Mimi nipo."

Nikavua koti. Nilipiga simu kila saa, siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, nesi akaniambia Baba amefariki. Akasema alimshika mkono. Jina lake ni Denae, mtoto wa miaka ishirini na tano. Sijawahi kumwona.

Tulimzika, tukala kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, viazi na nyama ya oveni na zile keki za kila msiba. Orlin alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, mgongo na yote. Alilia kuliko mimi. Nikasema moyoni, huyu alimpenda kweli baba yangu, nikamsamehe.

Aprili, theluji ilipoyeyuka, Odom akaja na vigingi vyake. Alipima kutoka ukutani futi mia tano na kumi, ng'ambo ya miti, akagonga. Alinipa pole, kofia mkononi.

"Angalau miti imebaki," nikamwambia. "Hatukuwapa nafasi ya kutufanya mlivyomfanya Orlin. Sikulala nje hata siku moja."

"Kulala nje?" Akanitazama. "Kwa nini, mama?"

"Si nyumba isipokaliwa…"

"Nyumba yenye kitanda na jiko na mwenyewe anayerudi ni nyumba. Mzee angekaa hospitali majira mazima ya baridi, nawe ukae naye, tusingegusa kitu." Kisha, taratibu: "Na Bwana Stenberg alitia saini. Nilikuwa jikoni kwake, wiki moja kabla hajasafiri. Ni yeye aliyetuomba tuchimbe karibu, wanaokubali karibu wanalipwa zaidi. Nilidhani mnajua, karatasi ziko mahakamani, yeyote anasoma."

"Hata siku tatu?" nikauliza. "Ningeweza kuondoka siku tatu?"

"Mama, hata mwezi."

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Odom akauliza kama naumwa, nikamwambia aendelee na kazi yake. Alikwenda. Siku tatu nilikaa jikoni nikiilinda nyumba ambayo hakuna aliyekuwa anaitaka, gari langu liko nje na mafuta tele, na Baba anakufa mikononi mwa mtoto wa watu kwa sababu nilimtii.