Mstari wa Mitamboni

...bila woga wowote, anasema mshereheshaji, tena anairudia, bila woga, kana kwamba wa nyuma hawajasikia na spika zenyewe zinatosha kuamsha maiti, na Nahodha mstaafu amekaa jukwaani chini ya turubai, nishani mbili za ushujaa zimemvuta koti upande, woga gani huo uliokosekana, kijana, ulikuwepo wewe, au unasoma tu karatasi uliyochapiwa ofisini, na macho yake yanarudi uwanjani kwenye foleni za wanaotaka kuandikishwa, yanamtafuta Profesa, mjukuu wake, walimpachika jina hilo tangu alete digrii ya uhandisi na kuitundika sebuleni, miaka inakatika, ukuta ndio uliohitimu, yeye bado anapiga deki, yule pale, kitambaa cha njano kichwani, anatafuna kucha, asubuhi wamegombana mlangoni, “Mume wangu, wewe umekula jeshi la majini maisha yako yote, mimi ukinifungia mlango nikale wapi, pale ukutani penye cheti?” ndivyo anavyomwita babu yake hata akiwa amevimba, mume wangu, naye akajibu, “Talaka nakupa leo leo,” na hakuna aliyecheka, maana vita vimeanza tena na anayejiandikisha leo haendi kwenye gwaride, anaenda kufagia mabomu ya majini, kazi ileile ya babu yake, “Kaa nyumbani ukiwa hai,” alimwambia, “Hai wa nini, babu? Kila intavyuu wanataka uzoefu, niuokote jalalani? Konekshen sina, shangazi tajiri sina, nina wewe na vyuma vyako kifuani,” akaondoka, kandambili zikipiga sakafu kama makofi... aliongoza msafara, anasoma mshereheshaji, meli yake ikiwa mbele, hapo hajakosea, ilikuwa mbele, na meli ya mbele ndiyo isiyo na mtu wa kuisafishia njia, za nyuma zinapita palipofagiwa, wewe unapita pasipofagiwa, ndiyo maana amri ilikuwa kila mtu apande sitahani, mpishi, karani, hata mgonjwa atolewe kitandani, jaketi za kuokolea mwilini, ili bomu likipasua tumbo la meli watu warushwe majini wawe na bahati yao, kila mtu isipokuwa wa mitamboni, injini haijiendeshi, na yule fundi mwenye pengo waliyemwita Grisi alikuwa akichomoza kichwa kabla hawajang'oa nanga, “Afande, hewa ya huko juu ipo? Basi mnitunzie kidogo, msiimalize,” sitaha nzima inacheka, yeye huyo anashuka ngazi, mfuniko unafungwa juu yake, maji yakiingia yasienee, na yeye Nahodha ndiye aliyekuwa akisema fungeni... bomu lilipolipuka, akateremka katika moshi, anasoma mshereheshaji, akawatoa majeruhi kwa mikono yake mwenyewe, ndiyo, aliwatoa, Grisi alikuja mgongoni mwake mzito, moto, hana neno, ile ndiyo mara pekee Grisi alikosa neno, nishani ya kwanza hiyo, na kesho yake akapewa meli nyingine, njia ileile, mafundi wengine wakashuka, nishani ya pili... “Wenye vyeti vya uhandisi na ufundi!” anabweka mwandikishaji huko uwanjani, “Mstari wenu huku! Mitamboni!” na kitambaa cha njano kinachomoka, Mungu wangu, kinakimbia, hatimaye kuna mtu ameiita ile digrii kwa jina, na Nahodha anamgeukia kamanda aliye kando yake, kijana aliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba, neno moja tu, mwanangu, yule wa njano ni damu yangu, mtafutie kiti bandarini, ofisi ya ramani, popote penye dirisha, na nani atamnyima, mdomo umeshafunguka, kamanda ameshaleta sikio, “Unasemaje, mzee?”, lakini ile ngazi haiachwi tupu, Profesa akitolewa atashuka aliye nyuma yake, yule wa shati la mistari anayemshikia begi na kumchekesha sasa hivi, na babu wa huyo hana vyuma, yuko mahali anasubiri simu ya nimepata kazi... “Joto tu,” anasema Nahodha, “Joto kweli, mzee, kunywa maji,” kamanda anamsogezea chupa, sikio linaondoka, basi, imepita, na sasa hivi watampa kipaza sauti awatie vijana moyo, moyo upi, mbona hakuna aliyewaambia habari za mfuniko, wanaachwa watie sahihi kwanza, wakautambue wakiwa chini yake, kama alivyoachwa Grisi, na aliyemwacha ni nani, na Profesa akiambiwa huenda asiondoke mstarini, anamjua, atabaki hata kwa ukaidi, jioni atamfokea, mume wangu umeniaibisha mbele za watu, na afoke, afoke mpaka sauti imkauke, ila atakuwa amechagua akiwa anajua, yeye na shati la mistari na wote... mshereheshaji amefungua ukurasa mwingine, yuko kwenye vyuo alivyosomea shujaa wetu, safari bado ndefu, na Nahodha anaitafuta sentensi ya kwanza, anaivua vyeo vyote, anaijaribu polepole nyuma ya meno: wanangu wa mitamboni, wekeni kalamu chini kidogo, wenzenu wote watakapopandishwa juu, ninyi mtafungiwa chini, na mimi ndiye niliyekuwa nikifunga.