Sekunde Nne za Kuta Nene

Bila mimi, albamu ya Chokaa isingefika popote. Naandika hivi mkono kifuani.

Chokaa ni bendi ya Mkomani, mtaa wetu wa kisiwani: Haidar anaimba, Amjad gitaa, Zein ngoma. Wanapiga post-hadkoo, ule muziki ambao gitaa linalia na mwimbaji anashindana nalo kulia. Redioni huusikii. Lakini Kuta Nene, albamu yao ya pekee, imepitishwa mkono kwa mkono mpaka Nairobi, na wapenzi wa muziki wa chinichini wanataja kitu kimoja tu: wimbo wa tano. Katikati ya vurugu, vyombo vyote vinakatika ghafla. Sauti ya Haidar inabaki peke yake, inapasuka, sekunde nne. Kisha kimya.

Juzi Kirimi, anayetoa kanda za bendi za namna hii, alivuka maji na jalada la toleo la pili. Tukakaa kwa Bi Mwanatumu, nyanyake Haidar, ndani ya chumba kilekile walichorekodia.

"Zile sekunde nne," Kirimi akauliza, "nani alizibuni? Nataka jina lake hapa."

Haidar akatazama miguu yake. Mimi sijui gitaa, sijui ngoma. Miaka miwili nimewabebea spika vichochoroni, na jina langu halimo popote.

"Mimi," nikasema.

Nikamweleza. Bi Mwanatumu alitoa chumba kwa sharti moja: adhana ikianza, kelele zikome. Ila kuta zile ukiwa ndani husikii kitu. Basi nikawekwa nje barazani na uzi wa mshipi, ule wa kuvulia samaki, ncha ya pili imefungwa kidole gumba cha mguu wa Zein. Nikivuta, Zein anaacha, Amjad naye. Haidar huimba amefumba macho, habari humfikia mwisho.

"Siku ile nikapima, Bwana Kirimi, nikavuta pale pale panapouma. Hiyo ni sanaa."

Kirimi akafungua kalamu. "Jina?"

"Fadhil Wazir."

Akaandika. Nikanyoosha shingo nilione, wallahi. Ndipo Bi Mwanatumu akaingia na sinia ya kahawa.

"Fadhil, uzi uliuvuta kwa mkono upi?"

"Wa kulia, Bi."

"Huo ulikuwa umeulalia." Akamgeukia Kirimi. "Natoka zangu ndiani, namkuta barazani, kanwa wazi, anakoroma, na muadhini aita. Nikauvuta mimi. Mara tatu, kwa hasira."

"Ndiyo maana kidole kilivimba wiki nzima!" Zein akaropoka.

Wakacheka mpaka vikombe vikalia. Kirimi akalikata jina langu, wino bado mbichi.

"Bi Mwanatumu, basi jina la hapa ni lako."

"Andika." Akanimiminia kahawa mimi kwanza, kabla ya mgeni, akaniangalia vile nilivyoinama. "Na huyu mwandike chini yangu. Mwandike alikuwapo, amelala."